Kupiga na Kueleza: Historia ya Walimu wa Fidla na Viola

Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, orodha ya wanafunzi wa Chuo cha Muziki cha St Petersburg, nchini Urusi, ilikuwa na jina la mwanamume wa umri wa miaka 40 hivi. Alikuwa Ruvin Heifetz, mpiga fidla kutoka Vilnius, na aliandikishwa katika darasa la Profesa Leopold Auer, mwalimu aliyetafutwa na kila mzazi mwenye mtoto wa kipaji katika himaya ile. Ruvin hakuja kujifunza. Aliyekuja kujifunza ni mwanawe Jascha, mtoto wa miaka tisa. Sheria za dola zilikataza Wayahudi kuishi mji mkuu bila kibali, na kibali cha chuo kilimhusu mwanafunzi peke yake. Wazazi wake hakikuwahusu. Mtoto angekaa na nani? Mtu mmoja akatoa shauri kwamba baba naye aandikishwe. Auer akaafiki, na kwa njia hiyo baba na mwana wakakaa mjini kihalali.

Udhia haukuishia hapo. Wanafunzi wote walitakiwa kuhudhuria masomo ya kusoma noti, piano na upatanifu wa sauti, na Mzee Heifetz hakuonekana katika somo hata moja. Uongozi wa chuo ulilalamika, Auer akawa anamkingia kifua kila mara. Kisa hiki amekisimulia Auer mwenyewe katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa mwaka 1923, na kwangu mimi hapo ndipo pa kuanzia kumwelewa mwalimu huyu. Dunia inamkumbuka kwa wanafunzi aliowatoa: Jascha Heifetz, Mischa Elman, Efrem Zimbalist, Nathan Milstein, Toscha Seidel, Kathleen Parlow. Ila kabla ya kuwafundisha baadhi yao namna ya kushika upinde, ilimbidi kwanza awapiganie wapate ruhusa ya kulala mjini.

Auer alizaliwa mwaka 1845 huko Veszprém, Hungaria, katika familia maskini ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mpaka rangi nyumba. Alisomea Budapest, kisha Vienna kwa Jakob Dont, mwalimu aliyemwekea msingi wa vidole na ambaye mazoezi aliyoyatunga bado yamo kwenye mikoba ya wanafunzi wa fidla hadi leo. Kutoka hapo akaenda Hannover, Ujerumani, kwa Joseph Joachim, aliyehesabiwa kuwa mmoja wa wapiga fidla wakubwa kabisa wa karne ya 19. Kwa Joachim alipata hazina kubwa na pia alionja kiu. Joachim hakuwa mtu wa maelezo. Mwanafunzi akikwama, mwalimu alichukua fidla yake, akapiga sehemu ile kwa namna iliyowaacha wote hoi, akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa kupigwa, kisha akatabasamu. Mwenye kunasa alinasa. Asiyenasa alirudi nyumbani na fumbo lake.

Halafu kuna jambo la mikono. Auer aliandika wazi kwamba mikono yake ilikuwa dhaifu na umbo lake halikufaa kwa fidla, kiasi kwamba akikaa siku kadhaa bila kupiga, aliposhika tena chombo alihisi kama amepoteza ufundi wote. Nimeyafikiria sana maungamo hayo. Mtu aliyezaliwa na mikono inayotii hana haja ya kujua inatii vipi. Auer alilazimika kujua. Kila kilichomtoka kwenye fidla kilikuwa kimepitia kichwani kwanza, kikachambuliwa na kupangwa, na mtu aliyepita njia hiyo anaweza kumwonyesha mwenzake ilipo kona na lilipo shimo. Historia ya walimu wakubwa wa fidla na viola, ukiifuatilia kwa karibu, imejaa watu wa namna hii: walioshika chombo wakiwa wamechelewa, waliotetemeka jukwaani, walioacha kupiga kabisa, waliokaa pembeni wakimtazama mtu mwenye kipaji hadi wakaelewa anachokifanya.

Auer alichukua kazi St Petersburg mwaka 1868, akirithi nafasi ya Henryk Wieniawski, na akakaa huko karibu miaka 50. Darasa lake lilikutana mara mbili kwa juma, mchana hadi jioni, na lilikuwa kama onyesho. Mwanafunzi alikuja amevaa nadhifu, kipande chake kimeiva, mpiga piano wa kumsindikiza yuko tayari, na wanafunzi wenzake pamoja na wageni wamekaa wakisikiliza. Hapakuwa na faragha ya kukosea kimyakimya. Aliyekuja hajajiandaa alikiona cha moto, maana Auer alikuwa mwepesi wa hasira na noti ziliweza kurushwa. Kazi ya mwanzo kabisa, ya kunyoosha vidole na kusafisha sauti, ilifanywa na wasaidizi. Jascha mdogo, kwa mfano, alikuwa amefundishwa Vilnius na Ilya Malkin, ambaye mwenyewe alipita katika mikono ya Auer.

Watu walidhani kuna siri. Mwalimu mwingine mkubwa, Carl Flesch, alipoandika kitabu chake kikuu juu ya sanaa ya fidla katika miaka ya 1920, aliuita mmoja wa mishiko ya upinde kuwa wa Kirusi: kidole cha shahada kinauzunguka mti wa upinde kwa kina zaidi kuliko ilivyozoeleka Ujerumani au Ufaransa, na uzito wa mkono unashuka wote kwenye uzi. Hadi leo mshiko huo unahusishwa na Auer. Yeye, katika kitabu chake cha mwaka 1921 juu ya namna anavyofundisha, alikataa kuweka kanuni moja ya vidole, kwa sababu mikono ya watu haifanani. Alichokikemea waziwazi ni tabia ya kutikisa kidole bila kukoma ili kila noti itetemeke, akiiona kuwa ni njia ya kufunika sauti mbovu. Na ushahidi wa ukweli wake ni wanafunzi wenyewe. Msikilize Elman, sauti nene na pana, kisha Heifetz, kali na safi kama wembe. Usingedhani wametoka chumba kimoja.

Mapinduzi ya mwaka 1917 yaliufunga mlango huo. Tarehe 27 Oktoba mwaka huo Jascha Heifetz, akiwa na miaka 16, alipiga kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Carnegie, New York, na watu wa fidla nchini Marekani hawakulala sawasawa baada ya usiku ule. Miezi michache baadaye mwalimu wake, mzee wa miaka 72 aliyepoteza karibu kila kitu, alishuka melini katika jiji hilohilo na kuanza kufundisha upya. Alifariki mwaka 1930, lakini kabla ya hapo sauti za wanafunzi wake zilikuwa zimefika mahali ambapo yeye hakuwahi kukanyaga.

Zilifika kwa santuri. Nagoya, Japani, alikuwako fundi aitwaye Masakichi Suzuki, wa ukoo uliokuwa ukitengeneza shamisen, chombo cha nyuzi tatu cha Kijapani. Mwishoni mwa karne ya 19 aligeukia kutengeneza fidla, akajenga kiwanda kikubwa. Mwanawe Shinichi, aliyezaliwa mwaka 1898, alikulia ndani ya kiwanda hicho, na fidla kwake ilikuwa mchezo wa watoto. Yeye na ndugu zake walizitumia kupigania. Hakuna aliyemfundisha. Alipofika miaka 17 hivi, alisikia nyumbani santuri ya Mischa Elman akipiga Ave Maria ya Schubert. Kijana alipigwa na butwaa. Hakujua kwamba kitu walichokuwa wakigongana nacho vichwani kinaweza kutoa sauti ile. Alichukua fidla moja kutoka kiwandani, akaweka santuri nyingine ya Elman kwenye gramafoni, na akajaribu kuiga, kipande kwa kipande, kwa sikio tu.

Miaka 17 kwa fidla ni kuchelewa. Heifetz katika umri huo alikuwa mfalme. Suzuki aliujua umri wake, na hakuusahau maisha yake yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikwenda Berlin, akapokelewa na Karl Klingler, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Joachim. Kwa hiyo ukipanga nasaba, Auer na Klingler walikunywa kisima kimoja, na Suzuki akafikiwa na maji yake kwa njia mbili, santuri ya mwanafunzi wa Auer na chumba cha Klingler. Alikaa Ujerumani miaka ipatayo minane. Hakutoka huko akiwa bingwa wa jukwaani, na ameandika bila kuficha jinsi alivyojiona hana kipaji mbele ya aliowasikia kule.

Aliporudi Japani alipiga katika kundi la nyuzi pamoja na ndugu zake na akafundisha vijana Tokyo. Ndipo baba mmoja akamletea mtoto wa miaka minne, Toshiya Eto, akiomba afundishwe. Suzuki hakuwa na jibu. Fidla ilikuwa ikifundishwa kwa vitabu na kanuni. Mtoto wa miaka minne hasomi. Katika kuhangaika na swali hilo akaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu: watoto wote wa Japani wanasema Kijapani. Lugha ngumu ile, yenye lafudhi za kila jimbo, mtoto anaipata bila mtihani, wala hakuna mama anayesema mwanangu hana kipaji cha lugha ya nyumbani. Anaipata kwa kusikia, kwa kurudia, kwa kusifiwa anapotamka neno la kwanza, na kwa kuendelea kulitumia neno hilo hata baada ya kujifunza mengine elfu.

Akajenga mafundisho juu ya hapo. Mtoto asikilize santuri ya kipande kile kila siku nyumbani kabla hajakipiga. Asianze na noti za kuandikwa, kama vile mtoto hasomi kabla hajasema. Apewe fidla ndogo inayolingana na mkono wake. Mama au baba ajifunze kwanza kupiga kipande cha mwanzo, mtoto akiwa anatazama, mpaka mtoto mwenyewe aanze kukidai chombo; na mzazi huyo aendelee kukaa darasani, kwa sababu yeye ndiye mwalimu wa siku sita zilizobaki za juma. Vipande vilivyokwisha kuiva visitupwe, virudiwe. Na watoto wakutane, wakubwa kwa wadogo, wapige pamoja. Ukiyapitia masharti haya moja moja utakuta kila moja ni kinyume cha utoto wake yeye: nyumba iliyojaa fidla ambamo hakuna aliyeisikiliza wala aliyekaa na mtoto.

Vita vya Pili vya Dunia viliharibu karibu yote. Kiwanda cha baba kiligeuzwa kutengeneza vyelezo vya ndege za majini, na Suzuki alipelekwa milimani Kiso-Fukushima kushughulikia mbao, mahali pa njaa kali. Baada ya vita alialikwa Matsumoto kusaidia shule mpya ya muziki, naye akaweka sharti: hatataka tena kurekebisha wakubwa waliokwishaharibika, atafundisha watoto wadogo. Wakati huo alikuwa akimtafuta mwanafunzi wake mmoja wa zamani, Koji Toyoda, aliyefiwa na wazazi. Alimpata kwa tangazo la redioni, akamchukua na kumlea kama mwanawe. Toyoda alikuja kuwa kiongozi wa wapiga fidla katika okestra ya redio ya Berlin, mji uleule ambao mlezi wake alijiona si kitu. Eto naye alikwenda Philadelphia kusoma kwa Efrem Zimbalist, mwanafunzi wa Auer.

Mwaka 1955 zaidi ya watoto 1,000 walipiga pamoja Tokyo. Mwaka 1958 filamu ya onyesho la namna hiyo, watoto kwa mamia wakipiga koncheto ya fidla mbili ya Bach, ilionyeshwa chuoni Oberlin, Marekani, na walimu waliokuwepo hawakuamini macho yao. Mwaka 1964 Suzuki aliwafikia mwenyewe pamoja na watoto kumi. Walikuwapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba kupiga kwa pamoja kunazaa watoto wanaofanana na wanaochelewa kusoma noti. Lawama ya pili ina ukweli pale mwalimu anapokuwa mvivu. Ya kwanza inasahau kwamba Suzuki hakuahidi mabingwa. Alisema mara nyingi kuwa nia yake ni kumkuza mtu mwenye moyo mzuri, na kwamba muziki ni njia. Mimi namwamini, kwa sababu alifundisha hadi uzeeni kabisa na alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 99, bila kuacha kumpokea mtoto asiye na dalili yoyote ya ubingwa.

Viola imekaa kimya hadi hapa, na hivyo ndivyo ilivyokaa katika historia yenyewe. Ni kubwa kuliko fidla, nyuzi zake zimeshuka chini zaidi, sauti yake ni nzito na ya kifuani. Kwa karne nyingi ilikuwa makazi ya wapiga fidla walioshindwa. Mwalimu wa viola peke yake alikuwa adimu, kwani nani angelipa kujifunza kukaa katikati ya okestra na kujaza pengo?

Aliyeanza kuligeuza hilo Uingereza ni Lionel Tertis, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, aliyezaliwa mwaka 1876 West Hartlepool. Alikuwa mwanafunzi wa fidla katika Akademia ya Kifalme ya Muziki, London, wakati mwenzake alipomwomba ashike viola ili kundi lao la watu wanne lipate kutimia. Alikuwa na miaka 19. Alipenda ile sauti papo hapo, ila hakuona mtu wa kumfundisha chochote cha maana, kwa hiyo akajifundisha. Alichukua koncheto za fidla na kuzipiga kwenye viola, juu kabisa ya ubao wa vidole ambako hakuna mpiga viola aliyefika. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa mwalimu wa viola katika chuo kilekile, akiwaambia vijana kuwa chombo hiki si adhabu. Alisumbua watunzi wamwandikie vipande vipya. Hakupenda viola ndogo zenye sauti ya puani, na mwaka 1937 alishirikiana na fundi Arthur Richardson kutoa umbo jipya la viola, kubwa kwa sauti lakini linalobebeka mkononi. Mwanafunzi wake mmoja, Rebecca Clarke, alikuwa amehamia viola kwa ushauri wa mwalimu wake wa utunzi, Charles Stanford, aliyemwambia kwamba akikaa katikati ya sauti ataelewa jinsi muziki unavyojengwa. Sonata yake ya viola ya mwaka 1919 ni kati ya kazi ambazo hakuna mpiga viola wa leo anayezikwepa.

Kutoka Glasgow akaja William Primrose, aliyezaliwa mwaka 1904. Baba yake, mpiga fidla, alitaka mtoto awe mpiga fidla. Mtoto alikuwa akiichukua kwa siri viola ya baba. Alipokuwa Ubelgiji, akisoma kwa mpiga fidla Eugène Ysaÿe mwishoni mwa miaka ya 1920, mzee huyo alimsikia na kumshauri ahamie viola. Primrose akawa pengine mpiga viola mwepesi wa mkono kuliko wote waliorekodiwa kabla yake. Mtunzi Béla Bartók alimwandikia koncheto. Ila Primrose, kama Joachim, alikuwa na tatizo la watu waliojaliwa: mikono yake ilijua kuliko yeye. Aliwaonyesha wanafunzi, nao walibaki na midomo wazi.

Mwaka 1941 msichana wa miaka 21 kutoka magharibi ya Marekani, Karen Tuttle, alimsikia akipiga, akaenda kumwomba awe mwalimu wake. Primrose alimpa masharti mawili: ahamie viola, na ahamie Philadelphia, alikokuwa akifundisha katika Taasisi ya Curtis. Tuttle akafanya yote mawili. Alikuwa mpiga fidla aliyeteseka na mwili wake, mabega magumu na shingo iliyokaza, na alichokiona kwa Primrose kwanza kabisa ni kwamba mtu huyu haumii. Kwa kuwa Primrose hakuweza kueleza, Tuttle alimtazama. Shingo yake inalegea wakati gani? Kiwiko kinafanya nini kabla upinde haujageuka? Pumzi inatoka lini? Alichokigundua akawa anawaeleza wanafunzi wenzake, na si muda mrefu akawa msaidizi wa Primrose, yule wa kufafanua kile ambacho bwana mkubwa amekipiga.

Baadaye alikwenda pia kwa mpiga selo Pablo Casals huko Prades, Ufaransa, na mafundisho yake yakapata umbo ambalo watu wa viola huliita uratibu. Ndani yake mwili na hisia havitenganishwi: mwanafunzi anatakiwa aitaje hisia iliyomo katika fungu la muziki, kisha aione mwilini mwake, kisha aachie misuli mahali hasa ambapo muziki unaachia. Shingo, bega, kifua, magoti, kila kiungo kina wakati wake wa kulegea, na upinde unapogeuka mwili mzima unashiriki. Wapiga viola wanaoumia bega ni wengi, kwa sababu chombo ni kizito na mkono wa kushoto unanyooshwa mbali. Kwao Tuttle alikuwa tabibu na mwalimu kwa pamoja. Kim Kashkashian, mmoja wa wapiga viola wanaoheshimika zaidi duniani leo na mwalimu yeye mwenyewe, alipita mikononi mwake. Tuttle alifariki mwaka 2010.

Mwaka 1944, Tuttle akiwa bado kijana, Curtis ilimwajiri mwalimu mwingine ambaye jina lake lingekuja kutawala fidla ya Marekani kwa miaka karibu 40. Ivan Galamian alizaliwa mwaka 1903 Tabriz, Uajemi, wazazi wake Waarmenia, na alibebwa akiwa mchanga kwenda Moscow. Alisoma huko kwa Konstantin Mostras. Baada ya mapinduzi, akiwa na miaka 15, Wabolsheviki walimtia gerezani. Aliokolewa na msimamizi wa jumba la opera, aliyesema kijana huyu anahitajika katika okestra. Akakimbilia Paris, akasoma kwa Lucien Capet, mtu aliyeuchunguza upinde kuliko yeyote wa zama zake na kuandika kitabu kizima juu yake. Galamian alipiga hadharani Paris mwaka 1924 na angeweza kuendelea. Woga wa jukwaani na afya yake vilimzuia, na kufundisha kulimvuta zaidi. Mwaka 1937 alihamia New York.

Mtu aliyeona dola ikianguka akiwa mtoto alijenga maisha yasiyoyumba hata kwa dakika. Alianza kufundisha saa mbili asubuhi, mwanafunzi baada ya mwanafunzi hadi jioni, siku zote za juma, mwaka hadi mwaka. Salamu, skeli, zoezi, koncheto, kwaheri. Hakupandisha sauti. Alikuwa na heshima ya kale na macho meusi yaliyowaogopesha watoto kuliko kelele za Auer zingewaogopesha. Mwaka 1944 alianzisha kambi ya kiangazi, Meadowmount, katika milima ya Adirondack, na huko kila asubuhi vijana walijifungia vyumbani kufanya mazoezi kwa muda wa saa nne, huku msimamizi akipita korido akisikiliza mlango mmoja mmoja kama kuna aliyenyamaza.

Ukali huo ulikuwa na akili ndani yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1962 Galamian aliandika kwamba chanzo cha ufundi ni kichwa: akili inaamuru, misuli inaitika, na mazoezi ni kufupisha muda kati ya amri na itiko. Kwa hiyo mtu asirudie kipande mara 50 kama mashine. Achukue noti zilezile azipige kwa midundo tofauti, ndefu kwa fupi, fupi kwa ndefu, agawe upinde kwa mbili, tatu, nne, sita, ili kila mara akili ipewe swali jipya. Muda wa mazoezi aligawa mara tatu: wa kujenga, wa kutafsiri muziki, na wa kupiga mwanzo hadi mwisho bila kusimama kana kwamba watu wamekaa mbele. Nadhani hakuna ushauri wa mazoezi ulioandikwa juu ya fidla wenye manufaa kuliko huo mgawanyo wa tatu, maana wengi wetu tunaojifunza chombo chochote hujenga tu na hatufiki kupiga.

Msaidizi wake tangu mwaka 1948 alikuwa Dorothy DeLay, mwanamke wa Kansas, aliyezaliwa mwaka 1917 kwa wazazi walimu. Alisoma Juilliard, chuo cha muziki cha New York, akapiga katika kundi la watu watatu pamoja na dada yake, kisha akaachana na jukwaa. Kwa muda alifikiria kusomea udaktari. Alianza kufundisha katika shule ya muziki ya mtaa, Henry Street, Manhattan, na akagundua kuwa hapo ndipo alipo. Kwa Galamian alijifunza mpangilio. Mazoezi aliyowapa vijana aliyapanga kwa saa: ya kwanza vidole na kuhama kwa mkono, ya pili vipande vigumu, ya tatu mazoezi ya kuandikwa, ya nne koncheto, ya tano Bach. Lakini mlango wake wa kuingilia kwa mwanafunzi ulikuwa mwingine kabisa. Galamian alisema, DeLay aliuliza. Mwanafunzi akipiga noti chini kidogo ya mahali pake, DeLay alimwuliza yeye anaionaje noti ile. Unataka watu wasikie nini hapa? Kwa nini unadhani isikike hivyo?

Mpiga fidla Itzhak Perlman alikwenda kwao wote wawili. Alizaliwa Tel Aviv mwaka 1945, akapooza miguu kwa polio akiwa na miaka minne, na akafika Marekani mwaka 1958 akiwa mvulana. Amesimulia kwamba namna ya DeLay ilimpa tabu mwanzoni. Hakuzoea kuulizwa, angependa aambiwe tu, apige, aondoke. Kuulizwa kulimlazimu kufikiri.

Mwaka 1970 Galamian na DeLay wakatengana. DeLay alitaka kwenda kufundisha Aspen wakati wa kiangazi badala ya Meadowmount, na kuchukua wanafunzi kwa jina lake mwenyewe. Galamian aliona ni usaliti. Alimtaka rais wa Juilliard, Peter Mennin, amwondoe, Mennin akakataa. Kwa miaka 11 iliyofuata, hadi Galamian alipofariki mwaka 1981, hakuzungumza naye tena, ingawa walifundisha katika jengo moja. Inanihuzunisha kila nikisoma habari hiyo. Walikuwa wanahitajiana kuliko walivyokubali, na wanafunzi waliobahatika kupata mpangilio wa mmoja na maswali ya mwingine ndio waliovuna zaidi.

DeLay aliendelea hadi alipofariki mwaka 2002. Midori, Sarah Chang, Gil Shaham, Cho-Liang Lin, Nigel Kennedy, wote walipita kwake. Alijulikana kwa kuchelewa, wanafunzi wakingoja kwa saa kwenye korido, na masomo yakiingia usiku, kwa kuwa alikuwa hawezi kumwacha aliyeko ndani kabla hajajua kinachomsumbua. Jukwaa, mavazi, chuo, nyumbani kuna nini, vyote vilikuwa sehemu ya somo.

Perlman leo ni mwalimu Juilliard, na mkewe Toby, mpiga fidla aliyekutana naye Meadowmount, alianzisha katika miaka ya 1990 programu ya vijana wa nyuzi ambayo kiangazi hukutana Shelter Island, jimbo la New York. Vijana huko bado wana saa zao za mazoezi asubuhi, urithi wa Galamian usiohitaji kuelezwa. Lakini kuna kwaya, na kila kijana, wa fidla au wa viola, lazima aimbe. Toby hakuificha sababu iliyomsukuma: alitaka mahali ambapo watoto wenye vipaji wangekuzwa bila ushindani wa kuumizana ambao yeye mwenyewe aliuona alipokuwa mwanafunzi.